Zizi Moja, Ufunguo Mmoja

Siku ya Idi tulikusanyika, kama ilivyo ada yetu, katika nyumba ya jamaa mmoja huko Silver Spring, Maryland. Baada ya biriani na kahawa, vijana wetu waliozaliwa nchi hii, ambao wamekwenda maandamano ya Palestina mjini Washington mara nyingi kuliko walivyokwenda Unguja, wakauliza suala la haki: ilikuwaje Mahmoud Abbas na Hamas washindwe kukaa katika serikali moja, ilhali wote wanakaliwa na jeshi lile lile? Ami yangu, ambaye neno lake halirudishwi barazani, akawajibu: "Mafahali wawili hawakai zizi moja, wanangu. Lakini sisi Unguja tulikaa. Tuligombana, tukapatana, tukaunda Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Wangejifunza kwetu." Watu wakaitikia. Mimi nikanyamaza kwa heshima ya umri wake. Kunyamaza kule kumenikaa kooni, na leo nakutoa hapa.

Nitaanza na Wapalestina, kwani kisa chao kina ncha ambayo wengi wetu tumeisahau. Cheo cha waziri mkuu hakikuwapo katika Mamlaka yao hadi mwaka 2003, pale Marekani na wenzake walipomshinikiza Yasser Arafat apunguze madaraka yake. Aliyekikalia mwanzo ni Abbas mwenyewe. Hakumaliza hata miezi sita. Alijiuzulu Septemba mwaka ule ule, na moja ya manung'uniko yake makubwa ni kwamba rais hakukubali kumwachia vikosi vya usalama.

Mambo yakageuka. Januari 2006 Hamas ilipata viti 74 kati ya 132 vya Baraza la Kutunga Sheria, Ismail Haniyeh akawa waziri mkuu, na rais sasa ni Abbas. Je, alimwachia mpinzani wake vikosi vile alivyovililia yeye? Hakumwachia. Hamas nao wakaunda kikosi chao, na Gaza ikawa na bunduki za mabwana wawili. Walipatanishwa Makka Februari 2007, wakaunda serikali ya umoja mwezi wa Machi, na ilipofika tarehe 14 Juni damu ilikwisha mwagika Gaza, Haniyeh amefukuzwa kwa amri ya rais, na taifa moja lina serikali mbili. Wizara ziligawiwa. Suala la nani anaamrisha askari halikupata jibu.

Sasa turudi kwetu, tujipime kwa mizani hiyo hiyo.

Sidharau maridhiano. Tarehe 5 Novemba 2009 Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi waliridhia serikali ya umoja kwa asilimia 66 ya kura. Uchaguzi wa mwaka ule ulipita kwa amani, ingawa tofauti baina ya Dk. Ali Mohamed Shein na Maalim Seif ilikuwa kiasi cha asilimia moja tu. Watu waliokuwa hawazikani kwa sababu ya chama wakaanza kuzikana tena. Hilo ni jambo kubwa, na aliyelileta ana thawabu zake.

Lakini Katiba ilimpa nini yule aliyeingizwa zizini? Makamu wa Kwanza wa Rais aliwekwa kuwa mshauri mkuu wa Rais. Na mshauri, kama tunavyojua sote, husikilizwa akipendwa. Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliendelea kuteuliwa na Rais. Polisi na jeshi ni mambo ya Muungano, na maridhiano ya Unguja hayakuyafikia. Yaani tuligawana viti, na ufunguo ukabaki pale pale ulipokuwa.

Wakati wa kujua ufunguo uko kwa nani ulifika. Tarehe 25 Oktoba 2015 watu walipiga kura. Tarehe 28, matokeo yakiwa bado yanatangazwa, mwenyekiti wa Tume, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wote. Maalim Seif alikuwa Makamu wa Kwanza kwa miaka mitano, na miaka mitano ile haikumpa hata uzi wa kulizuilia tangazo lile. Uchaguzi ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016, CUF ikasusia, na Dk. Shein akatangazwa mshindi kwa asilimia 91. Kwa kuwa Katiba inataka chama kifikishe asilimia 10 ya kura ndipo kitoe Makamu wa Kwanza, kiti kile kikakaa kitupu hadi Desemba 2020, Maalim Seif alipokirudia kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Alikikalia kwa wiki chache tu. Mwenyezi Mungu alimchukua tarehe 17 Februari 2021.

Basi, Ami, tulichokaa sisi ni kipi ambacho Wapalestina wangejifunza? Umoja unaoweza kufutwa kwa tangazo la mtu mmoja ni ruhusa ya kukaa, na mwenye kuitoa anaweza kuichukua. Tofauti yetu na Gaza ni kwamba fahali wetu wa pili hakuwa na pembe. Namshukuru Mungu kwa hilo, kwa kuwa limeokoa roho za watu. Lakini udhaifu wa mmoja tusiuite mapatano ya wawili.

Najua hapa wengi wenu mnakubali kwa kichwa, maana nimewasema wengine. Subirini.

Sisi ni watoto wa Hizbu. Katika nyumba zetu, historia ya kunyimwa huanzia usiku wa tarehe 12 Januari 1964, na hakuna anayeanzia Julai 1963. Katika uchaguzi wa Julai ile, Afro-Shirazi ilipata asilimia 54 ya kura. Ilipata viti 13 kati ya 31. Hizbu na wenzao wa ZPPP walichukua viti 18, wakaunda serikali chini ya Muhammad Shamte, na tarehe 10 Disemba wakapokea uhuru. Ilikuwa halali? Kwa sheria ya majimbo aliyoiweka Mwingereza, ilikuwa halali. Ilikuwa busara? Zaidi ya nusu ya wapigakura waliachwa nje ya serikali ya nchi yao siku ya uhuru wao. Serikali ile haikuwaita kugawana chochote. Na mwanzoni mwa Januari ilikipiga marufuku hata chama kidogo cha Umma. Walioshika ufunguo siku zile walikuwa wazee wetu, na waliushika kwa ngumi.

Kusema hivi si kuhalalisha yaliyofuata. Waliouawa katika Mapinduzi waliuawa kwa dhulma, na hakuna hesabu ya kura inayolipa damu ya mtu wala kumrudisha aliyekimbia na watoto mgongoni. Lakini mtu anayelia kwa Oktoba 2015 na kujivunia Julai 1963 hapingi kunyimwa; anapinga kunyimwa yeye. Hiyo ndiyo njia ya Abbas: alipokuwa chini alitaka vikosi vigawiwe, na alipokuwa juu akavishika.

Limebaki la mji huu tunaoishi. Kuna wenzetu huku Virginia na Maryland wanaoamini kwamba dawa ya Unguja iko Washington: tuandike barua, tuwaone wabunge, tuombe wabane misaada. Tulikwisha kuliona hilo. Tarehe 28 Machi 2016, siku nane baada ya uchaguzi wa marudio, bodi ya Shirika la Changamoto za Milenia, lenye makao yake hapa Washington, ilisimamisha mpango wa Tanzania wenye thamani ya dola milioni 472, ikitaja uchaguzi wa Zanzibar na sheria ya makosa ya mtandao. Nakiri kwamba nilishangilia. Fedha zile zilikuwa za umeme. Hakuna kiti kilichosogea Unguja. Waliokosa ni watu wa kawaida wa nchi nzima.

Na mji huu una hesabu zake. Mwaka 2006 uliunga mkono Wapalestina wapige kura, na kura zilipotoa mshindi usiyemtaka, ukakata misaada kwa serikali yake. Mwaka 1964 uliiogopa Unguja isije ikawa Cuba ya Afrika, na hofu hiyo ilitangulia mbele ya maiti wetu. Anayetaka kuhakikisha asichoke: majalada ya Wizara ya Nje yamo katika Hifadhi ya Taifa pale College Park, mwendo mfupi kwa gari kutoka nyumba ile tuliyokula Idi.

Vijana walistahiki jibu jingine, na hili ndilo langu. Kila mkisikia serikali ya umoja, iwe ya Ramallah au ya Unguja, ulizeni mambo matatu: nani anamteua anayehesabu kura, nani anawaamrisha wenye silaha, na nani anaweza kuuvunja umoja huo peke yake. Jina likiwa moja katika majibu yote, hapo hapana umoja. Na mkimaliza kuwauliza walioko Unguja, tuulizeni na sisi wazee wenu tulipokuwa na nafasi tulifanya nini.

Ami, nimelisema mgongoni mwako, na hiyo si adabu. Idi ijayo, In-sha-Allah, nitalisema mbele yako, kabla ya kahawa. Kama nimekosea, unirudi mbele ya wajukuu.