Mtumba wa ofisini: hapa Sumbawanga nani anachagua kwanza?

Wadau, salaam kutoka Sumbawanga, mji ambao ikifika Juni hata bodaboda anavaa makoti mawili. Leo naomba tuongee habari ya nguo za kuvaa ofisini. Kuna watakaosema hiyo ni mada ya akina dada. Siyo. Ni mada ya ajira, na ina siasa ndani yake. Nifuateni taratibu.

Tuanzie mlangoni. Tangu mwaka 2007 watumishi wa umma wana waraka wao wa mavazi: nguo za kubana, fupi au zinazoonyesha maungo haziruhusiwi kazini. Ofisi binafsi nazo zina masharti yake, mengi hayajaandikwa popote. Sasa chukua kijana aliyemaliza fom foo au chuo, anajitolea mahali akisubiri ajira. Anatakiwa afanane na afisa wakati mfukoni hana kitu cha afisa. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 Julai 2025, safi sana, lakini hiyo ni ya aliyekwisha kuajiriwa. Anayejitolea mara nyingi hata nauli hapewi. Mimi mwenyewe ofisi moja hapa mjini (jina kapuni) ilinirudisha nyumbani siku ya kwanza kwa sababu ya jinzi. Jinzi nyeusi, imepigwa pasi mpaka ina mstari! Hakuna aliyeuliza kama nina suruali nyingine.

Kwa hiyo nguo ya ofisini ni kama kiingilio. Na huku kwetu kiingilio hicho kinapatikana kwenye mtumba. Suti ya dukani, kitu na boksi, ni ya harusi.

Habari njema ni kwamba ukijua kuchagua huhitaji nguo nyingi. Suruali mbili za kitambaa, moja nyeusi na moja ya bluu iliyokoza au kijivu, mashati matatu yasiyo na maua wala maandishi, na koti moja. Hapo wiki inakwisha na hakuna anayejua kwamba umerudia. Kwa dada, sketi mbili zinazovuka goti, blauzi tatu na sweta la vifungo. Kwa baridi ya Ufipa sweta sio urembo, ni lazima, na wenzetu wa Ulaya wanayo ya sufi wanayatupa yakiwa mazima kabisa. Msidanganyike na lebo. Geuza nguo ndani nje, angalia kwapa, kola, zipu na katikati ya mapaja, halafu iinue juu uone kama mwanga unapita. Kitambaa kilichokwisha huwa kinajitangaza chenyewe. Kubwa kupita mwili wako isikutishe, manake fundi cherehani atapunguza, lakini ndogo achana nayo, hakuna fundi wa kuongeza kitambaa ambacho hakipo. Shati likiwa zuri ila kola imesuguka, mpelekee fundi aliyekomaa aitoe na kuigeuza upande wa pili. Ukifika nyumbani loweka kwenye maji ya moto kabla hujavaa. Na nguo za ndani za mtumba achaneni nazo kabisa, TBS walishazipiga marufuku kitambo.

Sasa tuingie kwenye kiini. Watu wanasema mtumba ni nguo ya maskini. Fuatilia belo moja uone. Linashuka bandarini Dar, linapanda lori, linakuja zaidi ya kilomita 1,100 mpaka hapa. Kipande cha Tunduma hadi Sumbawanga, kama kilomita 224, kilijengwa lami kwa fedha za Wamarekani kupitia MCC, kwenye mkataba wa mwaka 2008. Yaani nguo zao zinapita kwenye barabara yao. Mfanyabiashara analinunua likiwa limefungwa, hajui ndani kuna nini zaidi ya kwamba ni mashati au sketi. Ni kamari. Likifunguliwa, kabla hata fungu halijamwagwa chini, wale jamaa wa kupointi wameshafika. Wanachomoa zile kali tupu, wanazifua, wanazipiga pasi, wanazitundika kwenye henga na kuanza kuzungusha maofisini. Dada wa mapokezi anajaribu blauzi pale pale, bosi anachagua koti. Na hawalipi siku hiyo! Wanaandikwa kwenye daftari, mpaka mwisho wa mwezi.

Mnanipata? Mwenye mshahara anachagua wa kwanza, tena kwa mkopo. Anayetafuta kazi anakuja siku ya pili au ya tatu, anainama kwenye fungu lililokwisha kuchambuliwa, na analipa taslimu, kwa sababu nani atamwandika kwenye daftari mtu asiye na mwisho wa mwezi? Baada yake kinachobaki kinapelekwa kwenye minada ya vijijini. Ndugu zetu ng'ambo ya mpaka, Zambia, mtumba wanauita salaula, neno la Kibemba lenye maana ya kupekua na kuchagua. Jina zuri, lakini wa mwisho anachagua nini?

Ndiyo maana viongozi wakianza kuzungumzia kupiga marufuku mitumba mimi huwa natega sikio. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa sokoni ifikapo 2019 ili viwanda vyetu vifufuke. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, ikatishia kutuondoa kwenye AGOA, mpango wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikakaza. Ushuru wake ulishatoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, yaani belo la kilo 45 kutoka dola 9 hadi dola 112.50. Mwaka 2018 Marekani ikaifungia Rwanda msamaha huo kwa upande wa nguo. Agosti 2023 Rais Museveni naye akatangaza kuwa Uganda haitaki tena mitumba, kwamba ni nguo za wazungu waliokufa.

Sipingi viwanda. Urafiki pale Ubungo na Mwatex ya Mwanza zote zilianza mwaka 1968, wazazi wetu walivaa kanga na vitenge vyao. Hata huku Ufipa, kabla ya ukoloni babu zetu walikuwa wakifuma wenyewe vitambaa vya pamba ya bonde la Rukwa, wazungu waliopita karne ya 19 waliviona na kuviandika. Nguo za madukani kutoka nje zilikuja zikaua ufumaji ule, na haukurudi. Kwa hiyo hoja ya kujitegemea naielewa. Lakini mpaka leo sehemu kubwa ya pamba yetu inasafirishwa nje ikiwa haijafumwa. Ukizuia mtumba kesho asubuhi, kijana wa Katandala hatanunua shati la Mwatex. Atanunua polista mpya kutoka China, inayonata mwilini mchana na kufumuka baada ya miezi miwili.

Na ushuru ukipanda nani anaumia? Bosi ataandikwa tu kwenye daftari, labda alipe kwa miezi miwili badala ya mmoja. Mwenye fungu atafidia hela yake kwa kupandisha bei ya yale mabaki. Aliye mwisho wa foleni anakosa hata shati la kuendea usaili, na usaili wenyewe unaulizwa kwa macho kabla hujafungua mdomo. Kwenye mijadala yote ya mwaka 2016 nilizosoma habari zake, niliona viwanda, niliona wafanyabiashara, niliona Wamarekani. Huyu mtu sikumwona.

Mimi ningeanzia kwenye ofisi. Kama unamchukua kijana ajitolee bure, mpe mwezi mmoja wa kuvaa alichonacho, kiwe safi na cha heshima basi. Au mpe sare. Na nyie jamaa wa kupointi, mtu mwenye barua ya kujitolea mwandikeni kwenye daftari hata kwa shati moja, nusu sasa, nusu baadaye.

Wadau wa Mpanda, Tunduma na Mbeya, huko kwenu wanakopesha wasio na ajira, au ni hivi hivi? Tupieni hapo chini, na kama kuna fundi anayegeuza kola vizuri hapa mjini mtajeni mtaa wake, nina mashati mawili yanasubiri.