Alimwaga maji, nusura amwage unga

Wiki hii naomba tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo, tuongee mshiko. Kuna jambo limemkuta binamu yangu huko majuu, nikaona nikikaa nalo peke yangu nitakuwa mchoyo.

Jamaa tumekua naye Manzese. Tulikuwa tunaamka alfajiri kupanga madumu kwenye foleni, na dumu moja la lita 20 linaogesha watu wawili na bado yanabaki ya kuoshea vyombo. Sasa niambie, mtoto aliyelelewa hivyo anawezaje kukaribia kufukuzwa kazi Uingereza kwa kosa la kumwaga maji? Twende taratibu.

Binamu yuko Reading, mji ulio magharibi ya London. Kazi aliyopata ni kusafisha madirisha ya nyumba za watu. Usicheke, bwana. Ukidhani ni kupanda ngazi na ndoo mkononi, umepitwa. Kule wengi wanatumia mti mrefu wa kaboni, mwepesi, unaovutwa ukarefuka kama antena ya redio. Juu kuna brashi, ndani umepitishwa mpira mwembamba, na maji yanatokea kwenye vitundu vya brashi. Wewe umesimama chini kwenye majani, dirisha la ghorofani linasafishika. Uingereza ina kanuni za mwaka 2005 zinazotaka kazi isifanyiwe juu kama inawezekana kuifanya ukiwa chini, kwa hiyo mti huu unapendwa sana. Hakuna kuvunjika shingo.

Maji yenyewe si ya bomba hivi hivi. Reading ina maji yenye chokaa nyingi, yakikauka kwenye kioo yanaacha madoa meupe. Kwa hiyo yanachujwa mpaka yabaki matupu, bila chokaa wala chumvi. Ukishasuuza unaondoka, kioo kinajikausha chenyewe, hakuna kupiga kitambaa. Ila kuyachuja ni gharama, na sehemu kubwa ya maji unayoingiza kwenye chujio inaishia mtaroni. Kila lita iliyopo kwenye tangi ina thamani yake.

Sasa mkasa. Gari la binamu lina tangi la lita 350. Kwa hesabu ya Manzese hayo ni madumu 17 na nusu. Asubuhi anapewa orodha ya nyumba kumi, anaanza. Siku ya kwanza peke yake, kijana akafungulia pampu mpaka mwisho. Brashi inamwaga kama mvua ya masika, yeye anasikia raha, anajiona fundi. Akihama dirisha maji yanamwagika. Akisogeza gari yanamwagika. Akizungumza na mwenye nyumba habari za hali ya hewa, yanamwagika.

Nyumba ya sita, katikati ya dirisha la sebuleni, brashi ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Tangi kavu. Ndani ya dirisha mama mmoja wa Kizungu ameshika kikombe cha chai anamwangalia. Nyumba nne hazijaguswa. Jioni simu mbili zikaingia kwa bosi: madirisha yana michirizi. Bosi hakupiga kelele. Alimwambia siku nyingine kama hiyo arudishe funguo za gari.

Nyumbani huku mdogo wake wa kidato cha tatu alikuwa anasubiri ada kutoka kwenye mshahara huo huo. Aliponipigia simu usiku ule sauti ilikuwa imemkauka. Nikamwambia, "Kaza buti, dogo." Ndiyo ushauri pekee niliokuwa nao, na haukumsaidia kitu.

Aliyemsaidia ni mzee mmoja wa Mombasa anayefanya kazi hiyo hiyo miaka mingi. Huyo mti anauita upondo, kama ule wa kusukumia dau. Jumamosi akaja kumwona anavyofanya. Alitazama dirisha moja tu, akatikisa kichwa.

"Kijana wangu, wataka kusafisha kioo au wataka kuiogesha nyumba?"

"Nilidhani maji mengi ndiyo yanang'arisha, mzee."

"Kinachong'oa uchafu ni brashi. Maji kazi yake ni kuuchukua na kwenda nao. Hebu lete ndoo."

Akamfanya aweke brashi ndani ya ndoo kwa dakika moja kamili ya saa. Maji yaliyoingia: lita 3. Mzee akamfanyisha hesabu. Nyumba moja ulitumia dakika 20 maji yakikimbia, sawa na lita 60. Tangi la lita 350 haliwezi kufika nyumba ya sita ikaisha. Pampu haikuwa mbovu wala tangi halikutoboka. Ni hesabu ya darasa la nne tu, iliyomkuta mtu hakuipiga.

Somo la kwanza lilikuwa kufunga. Chini ya mti, pale mkono unaposhika, kuna koki ndogo. Kidole gumba kinafunga kila unapohama dirisha. Kwa hilo tu, zile dakika 20 zikashuka kuwa 15.

Somo la pili, kupunguza. Karibu na pampu kuna kidude chenye namba cha kupunguza au kuongeza kasi yake. Wakakishusha mpaka ndoo ikasoma lita 2 kwa dakika. Dakika 15 mara lita 2 ni lita 30 kwa nyumba. Nyumba kumi, lita 300. Tangi linabaki na madumu mawili na nusu! Binamu alirudia hesabu mara mbili, hakuamini.

"Na michirizi, mzee?" akauliza.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu hata mimi niliyeko huku Bongo. Maji yakizidi yanaingia kwenye mianya ya fremu ya juu na kwenye vitundu vya kupitishia hewa. Wewe umeshaondoka unapiga mluzi, uchafu uliolala mle unaanza kudondoka taratibu juu ya kioo kilichokwisha kusafishwa. Dawa yake ni kusugua fremu ya juu kwanza, kuiacha imalize kudondosha, halafu ndipo kioo, na kusuuza kutoka juu kwenda chini.

Tena vioo havifanani. Kuna kioo maji yanatandaza kama shuka, hicho kinasuuzika kwa maji kidogo. Kingine kinayakataa, yanajikusanya matone matone kama kwenye jani la mgomba. Hicho usikibanie, kipe suuza ya kutosha, maana kila tone ukiliacha na uchafu litakauka na doa lake. Kubana maji kila mahali kwa namba moja nako ni ushamba.

Halafu kuna urefu. Ukiuinua mti mita 10, maji yanapoteza nguvu ya kama bar moja kwa kupanda tu. Ongeza mpira wa mita 100 uliolala chini, mwembamba kama kidole, nao unakula nguvu yake. Kwa hiyo lita 2 ulizopima brashi ikiwa kwenye ndoo si lita 2 ghorofa ya tatu. Ukipanda, ongeza kidogo. Ukishuka, kumbuka kurudisha. Wengi wanaongeza, kurudisha wanasahau.

Kile kidude nacho kina akili yake. Ukifunga koki, mpira unajaa na pampu inaanza kusukuma ukuta. Kidude kinahisi pampu inahangaika, kinaizima. Ukifungua, kinaiwasha tena. Ila lazima ukiseti vizuri. Ukikiseti kiwe mwoga sana, kitazima pampu hata koki ikiwa wazi, utadhani imeungua. Ukikiseti kiwe sugu, pampu itaendelea kusukuma koki ikiwa imefungwa, mpaka kiungo cha mpira kifyatuke na ukoge wewe. Baridi ikiingia lazima ukiseti upya, maana maji ya baridi kali ni mazito kupita kwenye mpira mwembamba, na pampu inahangaika hata bila kufungwa.

Mzee alimaliza kwa kumwonyesha njia ya kwenda mlangoni, imelowa chapachapa. "Leo ni maji," akamwambia. "Januari ni barafu. Bibi wa nyumba hii ana miaka themanini. Akiteleza hapa, utamwambia nini?"

Binamu anasema hilo ndilo lililomwingia. Ada ilimtisha na bosi alimtisha, lakini kumwangusha bibi wa mtu kwa maji yasiyo na kazi ni kitu kingine. Bibi yetu wa Manzese ndiye aliyekuwa anatuchapa tukimwaga maji mlangoni.

Jumatatu akaingia barabarani. Nyumba ya kwanza kidole gumba kilikuwa kinasahau. Nyumba ya nne kikawa kinajua chenyewe. Alipofika kwa yule mama wa chai alimwomba radhi, akarudia madirisha yote bila malipo. Saa tisa alasiri nyumba kumi zimekwisha, na nyumba ya mama juu yake, na tangi likiwa na maji chini kabisa. Bosi akachungulia tangini, akamwangalia, akasema neno moja: kesho. Kwa Mwingereza hiyo ni hotuba. Funguo zikabaki mfukoni, na ada ikafika kabla shule haijafunguliwa.

Nimemuuliza kwa nini mtoto wa madumu alisahau. Kanijibu kwamba alipoona maji yanakuja kwa kubonyeza swichi, alidhani zile shida zimekwisha na akili yake nayo haihitajiki tena. Yaani kumbe alichojifunza Manzese kilikuwa ni ujuzi, yeye akadhani ni umaskini tu, akauacha uwanja wa ndege.

Na wewe unayeosha gari la shemeji yako kila Jumapili, mpira umeuachia chini unatiririka huku unachati, usijifanye hujasikia. Chukua ndoo, pima dakika moja, halafu niambie umepata ngapi.

Haya, tukutane wiki ijayo.