Walimu nao wapelekwe Kilwa



Nataka kutoa maoni yangu kuhusu ufundishaji wa historia katika shule za msingi za vijijini.

Mtoto wa huku Mofu, bonde la Kilombero, hufundishwa kwamba Kilwa Kisiwani ulikuwa mji mkubwa wa biashara, kwamba Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na kwamba Wareno waliuvamia mwaka 1505. Anakariri, anafanya mtihani, na mambo yanaishia hapo. Mwalimu wake naye mara nyingi hajakanyaga Kilwa. Chuoni tuliambiwa kwamba zana bora ya kufundishia ni kitu chenyewe, lakini tulihitimu bila kupelekwa kwenye gofu hata moja.

Mwaka jana, baada ya mavuno ya mpunga, nilikwenda kwa nauli yangu mwenyewe: basi hadi Dar es Salaam, jingine hadi Kilwa Masoko, kisha mashua. Niliuona Msikiti Mkuu, ambao sehemu yake ya zamani ni ya karne ya 11, uliojengwa kwa matumbawe na chokaa. Niliiona Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, na birika lake la pembe nane. Nilipita pia Kilwa Kivinje, penye majengo ya utawala wa Wajerumani. Vita vya Majimaji vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, karibu na Kilwa, na mwezi uliofuata vilikuwa vimefika kwetu, hata boma la Mahenge likashambuliwa Agosti 30. Kumbe historia ya Kilwa si ya watu wa pwani peke yao.

Tangu nirudi, wanafunzi wangu wanauliza maswali. Chokaa ilichomwaje? Dhahabu ya Sofala ilipitaje hapo? Nani aliyebeba mawe yale?

Nchini Mexico, raia hawatozwi kiingilio siku za Jumapili katika magofu yanayotunzwa na Serikali, yakiwemo ya Wamaya, na walimu na wanafunzi wenye vitambulisho wana msamaha wao. Sisi magofu yetu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981. Wageni hutoka ng'ambo kuja kuyaona, lakini mwana wa mkulima wa Mofu huyaona kitabuni tu.

Wapo watakaosema tuanze na madawati. Ni kweli madawati yanahitajika. Lakini dawati humkalisha mtoto, halimfundishi.

Sisemi shule nzima ipakiwe kwenye mabasi. Nashauri mambo mawili. Kwanza, kila mwanachuo wa ualimu apelekwe angalau mahali pamoja pa kale, Kilwa, Kaole au Isimila, kabla ya kuhitimu. Pili, halmashauri zipeleke walimu wachache wa historia kila mwaka wakati wa likizo, nao wakirudi wawafundishe wenzao. Mwalimu mmoja aliyeona hufundisha mamia ya watoto mpaka anastaafu. Gharama hiyo si kubwa.

Naomba wahusika walifikirie jambo hili.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mofu, Ifakara.