Nyumbu anayezama Mto Mara hapotei bure

Mwandishi, pale uliposema kwenye makala yako kwamba nyumbu wanaozama Mto Mara ni hasara tupu, hapo sikubaliani nawe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kwa wastani nyumbu 6,250 hivi hufia humo kila mwaka, sawa na tani 1,100. Tumbusi na korongo hupata sehemu ndogo tu. Nyama huisha kwa wiki chache, lakini mifupa huchukua hadi miaka 7 kuoza, ikiachia fosforasi taratibu, na utando wa mwani na bakteria unaoota juu yake huliwa na samaki wakati nyumbu wenyewe wameshaondoka kitambo. Nishati hupita mara moja ikaishia kuwa joto. Virutubisho ndivyo vinavyozunguka.

Na wewe ndugu hapo juu unayetaka mizoga iopolewe na viboko wapunguzwe, fikiria tena. Nimekulia upande wa chini wa mto huo, na baba yangu mdogo alikuwa akitega kambale karibu na mabwawa ya viboko, maana kiboko hula nyasi usiku nchi kavu na kinyesi hukiacha majini. Ni kweli, kiangazi maji yakipungua sana kinyesi hicho humaliza oksijeni na samaki hufa. Lakini tatizo hapo ni uhaba wa maji. Anayeupenda mto huu autetee kwanza msitu wa Mau, unakoanzia.