Kilowati 100 za muuzaji, 75 za Thika
Tangu stima ipotee karibu nchi nzima Agosti 25, 2023, wazo la kiwanda au mtaa kujizalishia umeme kwa tabaini ndogo ya gesi linavutia. Lakini chunga namba. Kilowati 100 za muuzaji hupimwa kwa nyuzijoto 15, usawa wa bahari. Mtambo huu huvuta hewa. Hewa ikipata joto huwa nyepesi, na nguvu hushuka karibu asilimia moja kwa kila nyuzi inayozidi. Thika na Ruiru hazina joto la Mombasa, sawa, ila ziko mita 1,500 hivi juu: hewa ni nyepesi tayari. Mchana wa nyuzi 27, zile 100 huenda zikawa kama 75. Kabla ya kulipa, muulize: hapa Ruiru, saa nane mchana, inatoa ngapi?