Nguvu ya motere haiongezi freni

Kila mvua inapoharibu barabara zetu, ombi moja linarudi kwenye magereji ya Kisangani: "Fundi, ongeza nguvu." Mara nyingi anayeomba hivyo ni mwenye kamyo ya zamani ya jeshi, ile ya magurudumu makubwa yanayovuta mbele na nyuma. Kwetu Kapalata, ambako watu wamezoea kuishi jirani na kambi, kamyo za namna hiyo si kitu kigeni. Tunazipenda, na tuna haki: zinapita katika matope ambamo gari zingine zinalala juma nzima. Lakini kugeuza visi ya pompi ili motere itoe nguvu ambayo kiwanda hakikuipa, maoni yangu ni kwamba huko ni kucheza na maisha ya watu.

Tuanze na motere yenyewe. Motere ya mazuti haina bujii. Pisto inabana hewa mpaka hewa inakuwa ya moto sana, halafu pompi inarusha mazuti ndani na yanawaka. Kila tone la mazuti linahitaji hewa yake. Fundi akigeuza visi, mazuti yanaongezeka, lakini hewa inabaki ile ile. Yanayozidi hayaungui vizuri. Ndiyo ule moshi mweusi ambao watu wanaushangilia: "Sasa inavuta!" Kumbe moshi ule ni mazuti yaliyonunuliwa kwa pesa na kutupwa hewani, tena ni alama kwamba ndani joto linapanda kupita kiasi. Pisto nyingi ni za aluminiamu, chuma chepesi kinachoyeyuka kwenye digrii 660 hivi. Katika motere iliyolemewa, moshi unaotoka unaweza kupita digrii 700. Mlima mmoja mrefu na mzigo mzito vinatosha: kichwa cha pisto kinatoboka, jointi ya kilasi inaungua, au kilasi chenyewe kinapasuka.

Chukueni mfano wa Mercedes. Motere yao ya 352, ya silinda 6 na karibu lita 5.7, ndiyo iliyowekwa pia katika Unimog za jeshi la Ujerumani. Bila turbo ilitoa nguvu ya farasi 130. Kiwanda kilipotaka kupita farasi 150, hakikugeuza visi tu. Kiliweka turbo ili kwanza hewa iongezeke, ndipo mazuti yafuate. Kama wale walioiunda waliona hivyo ikiwa mpya, sisi tunaichukua imezeeka, pisto zimelegea na oili imekuwa nyepesi kama maji, halafu tunaiambia ikimbie kuliko ujana wake?

Tena motere haiko peke yake. Nguvu ikizidi, ambreyaji inaungua na bwati ya vitesi inavunja meno. Na freni? Freni zinabaki zile za zamani. Kamyo inayokwenda kilomita 60 kwa saa inahitaji kazi ya kuisimamisha zaidi ya mara mbili kuliko ikiwa kwenye 40, hata kama mzigo ni ule ule. Na sisi tunajua mzigo haubaki ule ule: mwenye gari akisikia motere inavuta, anaongeza magunia.

Hatari kubwa zaidi iko mlimani. Kamyo nyingi za jeshi zinatumia upepo kwa freni, na upepo huo unatengenezwa na motere. Motere ikifa katikati ya mlima, upepo mpya hauji tena. Shofere anabaki na ule uliomo kwenye tanki, na hawezi tena kutegemea motere kumshikia gari.

Na juu ya magunia kuna nani? Kuna mama zetu, wanafunzi, wachuuzi. Kuna familia zilizokimbia makwao, kama wale waliofukuzwa na mgogoro wa upande wa Lubunga tangu 2023. Hao wanapanda kilichopo, kwa sababu hawana pesa ya kuchagua. Hakuna anayewauliza kabla visi haijageuzwa.

Najua mwenye kamyo atanijibu: "Barabara ni mbaya, gari halina nguvu, ninapoteza pesa." Ndugu yangu, una haki ya kulia. Lakini gari lililopoteza nguvu mara nyingi ni gari mgonjwa. Filtri ya hewa imejaa vumbi. Mazuti ya bidoni yaliyonunuliwa kando ya barabara yameleta maji na uchafu. Enjekta hazirushi vizuri, valvu hazijapimwa, ao freni ya gurudumu moja inakamata. Ponyesha hayo kwanza, utaona nguvu yake inarudi. Ikibaki ndogo, punguza mzigo na utumie vitesi vidogo, kwa maana kamyo ya jeshi iliundwa kupita polepole.

Kwenye barieri, wakati karatasi zinaangaliwa, polisi wa barabarani na CNPR waombe pia shofere akanyage freni mbele yao. Haichukui dakika tano.

Nanyi wasafiri, msiogope kuuliza. Kamyo ikitoa moshi mweusi mfululizo hata kwenye tambarare, ao shofere akijisifu kwamba motere "imeongezwa", ngojeni nyingine kama mnaweza. Kama hakuna nyingine, ombeni kushuka kabla ya mteremko mkali na kabla ya daraja la miti, na watoto washuke wa kwanza. Shofere mwenye akili hatakasirika. Akikasirika, mmekwisha kujua ni gari la namna gani.