Majimoto Yu Lindoni

Yeyote aliyepata kufyeka pori, ama katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ama shambani kwa wazee wake, anamfahamu majimoto. Ni yule chungu mwekundu wa mitini, ambaye jina lake latokana na maumivu yake: akuumapo, wahisi kana kwamba umemwagiwa maji ya moto.

Mwezi Oktoba 2019 nilikuwa Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, kwa shughuli za kikazi. Siku ya mapumziko nilikwenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo wa kilometa zipatazo 45. Zama za Rais Banda mahali hapo palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Tangu mwaka 1994 pamekuwa kambi ya wakimbizi, na Kiswahili husikika humo kila uchochoro, kwani wengi wametoka Kongo na Burundi. Mwenyeji wangu, mzee wa Kikongo, alikuwa amekodi kishamba nje ya kambi, naye alikuwa akikifyeka kabla ya mvua. Nikavua koti, nikashika panga ili nimsaidie.

Nilikata tawi la mwembe bila ya kutazama juu. Kufumba na kufumbua, shingo, mgongo na makwapa vilikuwa vinawaka. Nikasimama pale pale nikiwaponda kwa viganja; nao wakazidi kumiminika.

"Toka chini ya mti kwanza, mwanangu!" mzee akapaza sauti.

Neno lile lilikuwa na hekima. Majimoto hana mwiba. Hung'ata kwa taya, kisha hunyunyizia tindikali penye jeraha. Papo hapo hutoa harufu ambayo kwa wenzake ni king'ora. Amponda majimoto karibu na kiota huita kikosi kizima.

Kwa hasira nikaomba kiberiti nikichome kiota. Mzee akakataa. "Mwembe huu ni wa mwenye shamba," akasema. "Mimi ni mgeni hapa. Nikiuunguza, mwakani wanangu watakula nini?"

Nilinyamaza kwa haya. Baadaye nilitambua kwamba alikuwa na haki zaidi ya alivyodhani. Huko Unguja, katika miaka ya 1950, mtaalamu M. J. Way alichunguza jinsi majimoto wanavyoilinda minazi dhidi ya wadudu wafyonzao vidaka na kuvifanya vidondoke. Mikorosho nayo hufaidika vivyo hivyo. Basi kile kiota cha majani yaliyoshonwa kwa nyuzi za mabuu ni lindo, na aliyemo anafanya zamu.

Kwa hiyo, wazazi na vijana, kabla ya kufyeka tazameni juu. Mti wenye majani yaliyokunjwa pamoja uacheni, au fanyeni kazi hapo alfajiri, kungali na baridi. Mkivamiwa, ondokeni kwanza, vueni nguo, wapukuteni, kisha osheni kwa maji na sabuni. Mtoto akivimba uso au akipumua kwa shida, apelekwe hospitali bila ya kukawia. Wala msichome moto: kiangazi, moto uliokusudiwa kiota huishia kwenye shamba la jirani.

Mzee yule alivuna mahindi yake mwaka uliofuata. Mwembe ungalipo, na walinzi wake wamo.